Tangazo la maziwa ya kopo: linanihusu mimi mwenye duka la Wete?

*"Assalaam alaykum. Nina duka dogo la rejareja hapa Wete, Pemba. Wiki iliyopita, kwenye gurupu letu la WhatsApp la wenye maduka, ilirushwa picha ya karatasi ya 'Taarifa kwa Umma' juu ya maziwa ya kopo ya watoto wachanga. Juu imekatwa, muhuri unaonekana nusu. Imeandikwa kwamba 'toleo lililotajwa liondolewe sokoni mara moja' na 'wahusika wote wawasilishe taarifa ya akiba waliyonayo ndani ya siku saba kuanzia tarehe ya tangazo hili'. Shemeji yangu anasema hiyo ni ya bara, sisi haituhusu. Mume wangu anasema nikayamwage yote pwani nisijitafutie balaa. Ninayo makopo 14, na nilipotazama, manne yana namba ile. Mengine mawili ya namba hiyo hiyo nilishamuuzia jirani yangu mwenye mtoto wa miezi minne. Moja katika yale manne nililifungua, nikanusa na kuonja, halina kasoro. Nikienda ofisini kujitaja si nitatozwa faini? Na hasara yangu ataibeba nani?"*

Wa alaykum salaam, dada yangu. Umeuliza mengi na nitayapitia yote, lakini sheria na faini zingoje kidogo, maana lipo lisiloweza kungoja. Ni yule mtoto wa miezi minne. Kama hujamwendea mama yake, weka simu chini, funga duka dakika kumi, umwendee sasa hivi. Mwambie aache kumpa mtoto maziwa ya makopo yale mawili. Asiyatupe. Ayafunge kwenye mfuko, ayaweke mbali na jikoni, au akurejeshee wewe. Usione haya, kwani hukuyatengeneza wewe, na mama huyo atakushukuru kwa kumjia mapema kuliko angesikia kwa watu wengine kuwa ulijua ukanyamaza.

Muulize hali ya mtoto. Ana homa? Anaharisha, anatapika, anakataa kunywa, amelegea au analala kupita kawaida yake? Likiwepo hata moja katika hayo, apelekwe hospitali leo, na kopo lenyewe liende pamoja naye, kwa sababu daktari atataka kujua mtoto amekunywa nini hasa. Kama hana dalili yoyote, mama asiingiwe na hofu, ila amtazame kwa makini siku kadhaa. Akiwa bado ana maziwa yake, amnyonyeshe zaidi. Akiwa hana, atumie maziwa ya aina nyingine ya umri huo huo. Asiyazimue kwa maji mengi ili kopo moja lifike mbali, na asimpe maziwa ya ng'ombe wala uji kwa kuwa kopo limekosekana. Tumbo la miezi minne halijawa tayari kwa hayo.

Ukishatoka huko, turudi kwenye karatasi yako.

Naona kinachowagonganisha nyote nyumbani ni neno moja: *toleo*. Mtu wa kawaida akisikia toleo hufikiria gazeti, au hudhani ni jina la aina ya maziwa. Ndiyo maana mume wako anataka kumwaga yote. Kwenye karatasi hizi toleo ni mkupuo mmoja wa kiwandani. Chukua mfano wa mama anayeuza urojo. Mchana kapika sufuria moja, jioni kapika nyingine. Ikiwa maji aliyotumia mchana yalikuwa machafu, kila bakuli lililotoka kwenye sufuria ya mchana lina shaka, hata kama watu kumi wamekula na wakabaki wazima. Mabakuli ya jioni hayaguswi na shaka hiyo, ingawa mpishi ni yule yule na barza ni ile ile. Kiwanda cha maziwa nacho huchanganya kwa mikupuo, na mkupuo mmoja hujaza maelfu ya makopo. Kila mkupuo hupewa alama yake ili siku likitokea jambo, watu wajue sufuria ipi imeharibika. Sampuli ikipimwa maabara ikaonekana na tatizo, mkupuo mzima huitwa urudi. Mikupuo mingine ya jina hilo hilo hubaki madukani, na wala si makosa.

Pindua kopo uitafute alama hiyo. Hukaa chini, kwenye bati, au ukingoni karibu na mfuniko. Imepigwa kwa wino wa nukta nukta ambao ukiupangusa kwa kidole chenye mafuta hufifia, basi usiupanguse. Kwa kawaida utakuta tarehe ya kutengenezwa, tarehe ya mwisho wa kutumika, na mchanganyiko wa herufi na tarakimu ambao mara nyingi hutanguliwa na neno LOT au BATCH, au herufi L peke yake. Huo ndio toleo. Usiuchanganye na nambari ndefu iliyo chini ya ile mistari myeusi ya ubavuni, kwani hiyo ni moja kwa makopo yote ya aina na ukubwa huo. Nimewaona watu wakilinganisha mistari ile na nambari ya tangazo, wakaona haifanani, wakarudisha kopo rafuni. Tazama pia herufi zinazofanana: O na sifuri, B na 8, I na 1. Soma ukiwa nje kwenye mwanga, mwite mtoto wa skuli akusomee herufi moja moja wakati wewe unafuata kwenye picha. Kazi hii inataka watu wawili.

Kwa hiyo manne ndiyo yaliyotajwa, na kumi hayakutajwa. Lakini picha yako imekatwa, na karatasi za namna hii huwa na jedwali linaloweza kuendelea ukurasa wa pili. Kwa sababu hiyo nakushauri uyatoe rafuni yote 14 kwa sasa. Manne yatie kwenye boksi lake, uandike juu "YASIUZWE". Yale kumi yaweke pembeni hadi uione karatasi nzima. Ukishahakikisha nambari zake hazimo, yarudishe uuze bila wasiwasi.

Kuhusu kunusa na kuonja, dada yangu, naomba unisikilize vizuri, kwa sababu wenye maduka wengi hufanya hivyo na huamini kabisa kwamba wametenda la busara. Mwaka 2008 kule China maziwa ya watoto yalitiwa melamini, kemikali ya kutengenezea plastiki. Waliitia kwa hila. Kipimo cha protini kilichokuwa kikitumika kilihesabu naitrojeni tu, na melamini imejaa naitrojeni, kwa hiyo maziwa yaliyozimuliwa maji yalipimwa yakaonekana mazito. Watoto karibu laki tatu waliugua, na sita walithibitishwa kufa kwa figo kuharibika. Mama zao waliyanusa maziwa yale kila siku. Hayakuwa na harufu. Vijidudu kama salmonela navyo havibadilishi ladha. Na usijiambie kwamba mama atachemsha maji basi yataisha. Ni kweli Shirika la Afya Duniani linahimiza maziwa ya unga ya watoto yachanganywe na maji ya moto yasiyopungua nyuzi 70, kisha yapozwe, kwa sababu unga huo hata ukiwa mzima hautoki kiwandani ukiwa umetakasika na vijidudu vyote. Lakini kemikali haiuawi kwa moto, na zipo sumu za vijidudu zinazobaki hata kidudu chenyewe kikifa. Tangazo likishasema toleo lirudi, jikoni hakuna dawa yake.

Sasa tuje kwa shemeji yako. Amesema jambo lenye nusu ya ukweli, na nusu hiyo ndiyo inayoponza.

Ukweli wake ni huu. Chakula na afya si mambo ya Muungano. Orodha ya mambo ya Muungano ilianza na 11 mwaka 1964 na sasa yamefika 22, na usalama wa chakula haumo. Bara, tangu Julai 2019, chakula kimehamishiwa Shirika la Viwango la kule, TBS, na waliokuwa TFDA, mamlaka ya chakula na dawa ya kule, wakabaki na dawa na vifaa tiba kwa jina la TMDA. Kwetu Zanzibar mwenye kazi hiyo ni Wakala wa Chakula na Dawa, ZFDA, ambao mizizi yake ni Sheria ya Chakula, Dawa na Vipodozi Nam. 2 ya 2006. Kwa hiyo ikiwa karatasi ile imetoka bara peke yake, ile amri ya siku saba haikufungi kisheria wewe uliopo Wete. Katiba yetu ya 1984, kifungu cha 132, imekwenda mbali zaidi: hata sheria ya Bunge juu ya jambo la Muungano haitumiki hapa mpaka iwe ni ya jambo hilo kweli na iwe imepelekwa mbele ya Baraza la Wawakilishi.

Sehemu aliyokosea ni kudhani kwamba karatasi isiyokufunga haina habari ndani yake. Kopo halijui mpaka. Maziwa yanayouzwa Kariakoo hupanda boti Dar, hushuka Malindi au Mkoani, na mengine huvuka na majahazi ya Tanga hadi hapo hapo Wete. Kama sufuria imeharibika, imeharibika pande zote mbili za mkondo. Tangazo la bara lichukue kama ngoma inayolia kijiji cha pili: hujaitwa wewe, lakini toka nje uulize kuna nini. Na wa kuulizwa ni ZFDA.

Niongeze hapa, kwa sababu swali la "hii ni yetu au ya bara?" naulizwa kila wiki. Yapo matangazo ya ofisi zenye makao yake bara yanayokufunga kikamilifu. La TCRA juu ya laini za simu ni lako. La Benki Kuu juu ya noti ni lako. La TRA juu ya kodi ya mapato ni lako. Lakini bei ya mafuta ikitangazwa na EWURA, hiyo si ya Pemba. Ya kwetu hutangazwa kila mwezi na ZURA, na kila mwezi wapo wanaogombana na wenye vituo vya petroli kwa kushika bei ya upande usiokuwa wao. Na katika mifuko ya plastiki mambo yalikwenda kinyume. Zanzibar iliipiga marufuku 2006, bara wakafuata Juni 2019, na siku ile watu wetu waliirusha habari kana kwamba ni mpya, nao wameishi na marufuku hiyo zaidi ya miaka kumi. Kwa hiyo usiulize ofisi iko wapi. Uliza jambo lenyewe ni la nani.

Tuyasome sasa yale maneno mawili matatu uliyoninukulia. Nimefanya kazi ya kuandika karatasi hizi kwa miaka mingi, na naomba uniamini nikikwambia kwamba kutozielewa si upungufu wako. Nyingi huzaliwa na sheria zilizoandikwa Kiingereza, mwandishi akaogopa kuacha neno hata moja, akalipeleka lote lilivyo, likatoka Kiswahili kisichosemwa na mtu yeyote barazani. Hii ndiyo nchi ambayo lahaja yake, Kiunguja, ilichaguliwa kuwa msingi wa Kiswahili sanifu. Inaniuma kuona mtu wa Wete anashindwa kusoma karatasi ya Kiswahili iliyomlenga yeye.

*Wahusika wote.* Neno hili nimelitumia mimi mwenyewe, na lilinifundisha. Tulitoa tangazo juu ya bidhaa fulani, tukaandika "wahusika wote waripoti". Baada ya wiki mbili nikafika Konde, nikaingia dukani kwa mzee mmoja, bidhaa ile iko rafuni mbele ya macho yangu, na tangazo letu limebandikwa mlangoni kwake, kalibandika kwa mkono wake. Nikamuuliza, mzee wangu, mbona hukuripoti? Akanijibu kwa utulivu: "Mimi si mhusika, mwanangu. Mimi muuzaji tu. Wahusika ni hao walioitengeneza." Alikuwa na haki. Kwa Kiswahili cha watu, mhusika wa jambo ni mwenye mkono katika jambo lile, na likiwa baya, ni mwenye kosa. Sisi tulikusudia kila aliyenayo: aliyeingiza, muuzaji wa jumla, mwenye duka, hata mama mwenye kopo moja kabatini. Tangu siku ile siandiki "wahusika". Naandika "kama unayo dukani au nyumbani". Basi na wewe, ukikuta neno hilo, lisome hivyo. Unazo nne, wewe umo.

*Liondolewe sokoni.* Maana yake liache kuuzwa na litengwe. Haina maana ya kuharibu. Tafadhali usimsikilize mume wako katika hili la pwani, ingawa najua anakuhofia. Ukimwaga umepoteza ushahidi wa idadi uliyokuwa nayo, umejinyima njia ya kudai fedha yako, na ukiulizwa baadaye yako wapi makopo yako, "nimeyamwaga" ni jibu ambalo mkaguzi hana namna ya kulithibitisha. Tena bati na unga wake hupati pa kuvitupa Wete bila kuku, mbuzi au mtoto wa mtu kuvifikia.

*Mara moja.* Ni sasa hivi. Kuna aliyeniuliza kama ni kuondoa mara moja tu kisha arudishe, nami sikumlaumu, maana neno lenyewe linabeba maana zote mbili.

*Taarifa ya akiba.* Ni kusema tu unayo mangapi. Karatasi ya daftari inatosha: jina lako, duka lako liko wapi, jina la maziwa, toleo, mangapi umebakiwa nayo, mangapi umeuza na kwa nani kama unamjua, uliyanunua wapi na lini. Hilo kopo ulilolifungua liandike kuwa limefunguliwa. Usiseme uongo hapo, hakuna haja.

*Ndani ya siku saba kuanzia tarehe ya tangazo hili.* Tarehe inayohesabiwa ni ile iliyoandikwa kwenye karatasi. Siku uliyoipokea wewe kwenye simu haihesabiwi, na hapo ndipo watu wanapoponzwa, kwa sababu picha inaweza kuzunguka wiki nzima kabla haijafika Pemba. Kama hawakuandika "siku za kazi", Jumamosi na Jumapili zimo. Zikiwa zimeshapita, nenda vivyo hivyo, na useme umeipata siku gani. Ujumbe ule wa WhatsApp usiufute, una tarehe yake.

Sijamaliza na hiyo picha iliyokatwa. Karatasi ya kweli ina jina la ofisi juu, nambari ya kumbukumbu, tarehe, jina la sheria au kifungu inachokitegemea, na mwisho jina na cheo cha aliyetia saini. Ikikosa kichwa, bado sijui ni tangazo la nani, na wewe hujui. Inaweza kuwa ya kweli na ya mwaka juzi. Inaweza kuwa ya nchi nyingine kabisa. Usiirushe kwenye gurupu jingine, lakini pia usiipuuze, maana ukiwa na nambari inayolingana na kopo lililo mkononi mwako, shaka imeshafikia kiwango cha kuuliza. Na ujue tofauti ya karatasi zenyewe. Tangazo la kisheria au kanuni iliyochapishwa katika Gazeti Rasmi la Serikali lina nguvu ya sheria kwa lenyewe. Taarifa kwa umma haina nguvu yake peke yake. Inaazima kutoka kwenye sheria inayoitaja, na ndiyo maana natafuta kifungu kabla ya kutafuta muhuri. Pia tazama kitenzi. "Wananchi wanashauriwa" ni nasaha. "Ni marufuku" na "wanatakiwa" ni amri, na hapo uliza chini ya sheria gani.

Faini. Sitakuahidi nisichoweza kukuahidi: mimi si mkaguzi wala hakimu, na katika sheria za chakula kutojua hakufuti kosa kila mara. Lakini fikiria wakaguzi wanatafuta nini wanapotoa karatasi kama hii. Wanatafuta makopo. Anayekuja mwenyewe, na boksi lake lililoandikwa "YASIUZWE" na karatasi ya hesabu, amewarahisishia kazi. Wanayemshika kwa nguvu ni yule aliyejua akaendelea kuuza, au aliyeficha chini ya kaunta, au aliyebandua nambari. Mwaka 2017 kampuni ya Kifaransa ya Lactalis iliita maziwa yake ya watoto kwa sababu ya salmonela, makopo na maboksi zaidi ya milioni 12 katika nchi 83. Yalipofuatiliwa, maduka makubwa ya Ufaransa yalikiri kwamba yaliendelea kuyauza baada ya tangazo kutoka. Yale yana kompyuta kila kaunta. Wewe, kwa macho yako na taa ya simu, umeyaona manne katika 14. Tayari umefanya kilichowashinda.

Ila usitoe kopo hata moja mikononi mwako bila karatasi. Akija mkaguzi kuchukua, muombe kitambulisho kwa adabu, na dai hati yenye idadi, toleo, tarehe, jina na saini yake. Ibaki nakala kwako. Hii ni haki yako, na mkaguzi mwema hataudhika. Hati hiyo ndiyo daraja la kufikia fedha yako.

Kuhusu fedha, nitakwambia ukweli hata kama hautafurahisha. Serikali haitakulipa thamani ya makopo. Njia ya hasara hupanda juu kama bidhaa ilivyoteremka: wewe kwa muuzaji wa jumla, yeye kwa aliyeingiza, aliyeingiza kwa kiwanda. Kiwanda kikiita bidhaa yake chenyewe, kwa kawaida hukubali kurejesha fedha au kubadilisha. Kama ulinunua kwa muuzaji wa jumla na risiti unayo, mpigie leo umwambie unayo manne ya toleo lile, na mawili uliyokuwa umeshamuuzia mteja. Wapo watakaokwambia umpelekee makopo moja kwa moja yeye akubadilishie. Ni rahisi, na fedha utaipata mapema, lakini mimi siipendi njia hiyo kabla ofisi haijayahesabu, kwa kuwa hutajua kama yale manne yameharibiwa au yamekwenda kuuzwa Micheweni. Yahesabiwe kwanza, kisha mdai kwa hati. Kama uliyanunua bandarini kwa mtu asiyetoa risiti, hasara hiyo inaelekea kuwa yako. Toa taarifa hata hivyo. Na jirani yako mrejeshee fedha yake kamili bila kungoja wewe kulipwa.

Pa kwenda ni ZFDA. Wapo Unguja na Pemba pia. Nenda kwa miguu yako badala ya kupiga simu tu, ubebe kopo moja la mfano, ile karatasi ya hesabu na picha uliyotumiwa. Kama hujui ilipo ofisi, sheha wako atakuelekeza na anaweza kukupa barua ya utambulisho, lakini yeye si mwamuzi wa jambo hili, akisema "uza tu" au "mwaga tu" hiyo haitakulinda. Mambo yakibadilika, yaani ukaletewa barua yenye jina lako, ukaitwa mahkamani, au mtu akachukua bidhaa zako akakataa kuandika, hapo usijibu peke yako na usitie saini usichokisoma. Watafute wasaidizi wa sheria wa wilaya yako, au Kituo cha Huduma za Sheria Zanzibar, ambacho Pemba kina ofisi yake. Mtu asiye na uwezo husaidiwa bila malipo, na ipo Sheria ya Msaada wa Kisheria ya 2018 kwa ajili hiyo.

Moja la mwisho. Hujui kama ni yale mawili tu uliyoyauza, maana mwezi mzima watu wanaingia na kutoka. ZFDA wakishakuthibitishia kwamba tangazo ni la kweli, andika kwa kalamu nene, ubandike mlangoni pa duka kwenye usawa wa macho. Nimekuandikia, jaza jina na nambari tu:

*"Kama ulinunua hapa maziwa ya watoto ya … pindua kopo. Ukiona nambari … usimpe mtoto. Lilete kopo, hata likiwa limefunguliwa, hata likiwa nusu. Fedha yako utarejeshewa. Mtoto akiwa na homa, anaharisha au anatapika, mpeleke hospitali na kopo lake. Huna risiti? Njoo tu."*